Mambo ya Dunia si ya Wenye Diploma Peke Yao

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa vijana wa kazi wa Walikale na Masisi)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo moja tu. Mkutano huu wetu, ambamo sisi makarani, walimu, wauguzi na mafundi wa mitambo tunakaa pamoja Jumapili kuzungumza habari za ulimwengu, uwe mkutano wa nani? Mnajua ya kuwa wenzetu wengine wameleta shauri kwamba tangu sasa aingie yule tu mwenye diploma ya Leta, na maneno yote yasemwe kwa Kifaransa, ili mazungumzo yapate heshima. Wenzetu hawa si watu wabaya. Wamechoka na kelele, na mara ya mwisho kweli kelele zilizidi. Lakini shauri lao tunalikataa, na ni haki yao wasikie sababu zetu.

Kwanza tuulizane: mambo ya dunia ni nini? Wako watu wanaofikiri ni mambo ya marais na ndege zao, ya mbali sana, yanayosomwa katika gazeti kama hadithi. Haya, tazameni. Tarehe 13 Machi 2025 mgodi mkubwa wa Bisie ulisimamisha kazi kwa sababu waasi wa M23 walikuwa wanaukaribia mji wa Walikale. Mgodi ule mmoja ulikuwa ukitoa karibu sehemu 6 kwa 100 za bati ya dunia nzima. Mara bei ya bati katika soko la madini la London ikaruka juu. Watu ambao hawajaona matope ya Njingala hata siku moja walikaa macho kwa ajili ya Walikale. Na Rubaya, huko Masisi, iliyochukuliwa na M23 mwisho wa Aprili 2024, mashimo yake yalikuwa yakihesabiwa kutoa kama sehemu 15 kwa 100 za koltani ya ulimwengu. Sasa mtu akituambia kwamba mambo ya dunia hayamhusu mchimbaji wa Rubaya, tumjibu nini? Dunia imemshika mkono siku nyingi, ila yeye haoni uso wake.

Na dunia ikishika, inaweza kuachia vilevile. Wazee wetu waliofanya kazi ya bati katika Kivu na Maniema wanaukumbuka mwaka 1985. Palikuwa na baraza la mataifa lililokuwa likinunua bati ili bei isianguke. Mwezi wa Oktoba mwaka ule fedha zake zikaisha, soko la London likafunga biashara ya bati, na bei ikashuka karibu nusu. Kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za zamani, haikupona tena vizuri. Mzee aliyefukuzwa kazi alifikiri kwamba kapita amemchukia. Nani angemweleza habari za baraza lile? Makarani walikuwapo, na barua za bei zilipita mikononi mwao, lakini desturi ya kueleza haikuwapo.

Mwisho wa mwaka 2000 bei ya koltani ikapanda mara nyingi, vijana wakaacha shule na mashamba wakakimbilia mashimo ya Masisi na Walikale. Mwaka 2001 ikaanguka. Halafu ikaja ile habari ya mwaka 2010, ambayo wengi wetu hapa tuliiona kwa macho. Mwezi wa Julai rais wa Marekani alitia sahihi sheria kubwa ya mabenki, na ndani yake kifungu namba 1502 kinachozitaka kampuni ziseme kama madini yao yametoka Kongo au kwa jirani zake. Sheria ile haikusema «fungeni machimbo». Lakini wanunuzi wengi waliona afadhali waache kununua kuliko kupata aibu. Mwezi wa Septemba rais wetu wa wakati ule, Joseph Kabila, akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hata Machi 2011. Waliokuwa wanabeba mizigo ya kasiterite mgongoni kupita msituni kutoka Bisie wakakaa bure. Wenye silaha, ambao sheria iliwalenga, hawakuziweka chini kwa sababu hiyo. Wale waliokuwa wanalipa shule ya watoto kwa koleo ndio walioumia kwanza. Sisi hatusemi sheria ilikuwa na nia mbaya. Tunasema ya kuwa ilizungumzwa miaka na miezi kabla ya kutufikia, na hapa hapakuwa hata na baraza moja la watu ishirini waliokuwa wakiisoma na kusema: angalieni, kitu hiki kinakuja.

Sasa turudi nyuma, kwa sababu shauri hili la kufunga mlango si jipya. Babu zetu walilijua.

Ni mwaka 1944, vita kuu ya dunia inaendelea. Wajapani wamekwisha kuteka Malaya, kwa hiyo bati ya Kongo inatafutwa kama chumvi. Tangu mwaka 1942 siku za kazi ya lazima vijijini zimepandishwa kutoka 60 hata 120 kwa mwaka. Mpira wa msitu unadaiwa tena, na migodi inataka watu. Vijijini nani aliyewaeleza kwamba hayo yote yanatoka kwa Hitler na kwa Japani? Waliona mzigo tu. Basi katika mwaka ule, huku Masisi na Lubutu, Wakumu wakainuka wakiongozwa na Bushiri Lungundu, mtu wa dini ya Kitawala. Serikali ya Wabelgiji ikatuma askari, ikawavunja.

Mwaka huohuo, mwezi wa Februari, askari waliasi Luluabourg. Na mwezi uliofuata wasomi wa mji ule, wale walioitwa waevolue, maana yake waliostaarabika, waliiandikia serikali. Waliomba nini? Waliomba wapewe hali ya pekee, watengwe na watu wasiosoma, wasitendewe sawa nao. Wandugu, wekeni mambo haya mawili pamoja. Huku msituni mtu asiyesoma anakufa kwa ajili ya mzigo ambao hajui chanzo chake. Kule mjini mtu aliyesoma, anayekijua chanzo, anaomba asihesabiwe pamoja naye.

Hatuwahukumu sana. Mtu anayepigwa kiboko hutafuta mlango wa kutokea, hata kama ni mwembamba usiopitisha nduguye. Na serikali ilifurahi kuwapa mlango mwembamba. Baada ya vita vikundi vya mazungumzo vya waevolue vikaongezeka katika miji na vituo vya Kongo. Gazeti lao kubwa, La Voix du Congolais, lilitoka Leopoldville tangu 1945 hata 1959, kwa Kifaransa, na mhariri wake alikuwa Antoine-Roger Bolamba. Lilikuwa na watu hodari. Ila mikutano ile ilikuwa chini ya macho ya serikali, na siasa haikuruhusiwa. Mwaka 1948 ikaletwa kadi ya sifa ya raia, na mwaka 1952 ikaja kadi kubwa zaidi. Aliyeiomba ile kubwa alitembelewa nyumbani na wakaguzi, wakatazama jikoni na hata chumba cha kulala. Mtu mzima, baba wa watoto, kitanda chake kikakaguliwa! Na baada ya hayo yote waliofaulu kuipata walikuwa mia chache tu katika nchi ya mamilioni. Hiyo ndiyo heshima inayopatikana kwa kufunga mlango.

Lakini katika vikundi hivyohivyo walitoka watu waliochoka na mlango mwembamba. Kijana mmoja aliwahi kuwa karani wa kampuni ya madini ya Symétain huko Kalima, Maniema, kisha mwaka 1944 akaenda Stanleyville, akawa karani wa posta na mkubwa wa chama cha waevolue wa mji ule. Jina lake Patrice Lumumba. Naye pia aliiomba ile kadi, akakataliwa kwanza, kisha akapewa. Mwezi wa Desemba 1958 alikwenda Accra katika mkutano wa watu wa Afrika yote. Aliporudi Leopoldville hakuwaita wenye kadi peke yao sebuleni. Mwezi uleule aliita mkutano wa watu wote, akawaeleza yale aliyoyasikia huko. Miezi kumi na minane baadaye, tarehe 30 Juni 1960, nchi ilikuwa huru. Hapa Kivu chama cha CEREA kilizaliwa Bukavu mwaka 1958, Anicet Kashamura akiwa mmoja wa viongozi wake, na mwaka 1960 kilipata viti 10 bungeni. Viti vile wenye diploma wasingeweza kuvijaza kwa kura zao. Walikuwa wachache mno. Wakulima ndio waliovijaza.

Na ng'ambo ya ziwa Tanganyika mambo yalikwendaje? Chama cha Waafrika kilianza Dar es Salaam mwaka 1929, na kwa miaka mingi kilikuwa mahali pa makarani na walimu kukutana na kuongea, kama sisi hapa. Tarehe 7 Julai 1954, chini ya mwalimu Julius Nyerere, kikageuka kuwa TANU, na mikutano ikapelekwa vijijini kwa Kiswahili. Hakuna aliyesema heshima imepungua.

Tuje kwenye maneno ya wenzetu. Wanasema Kifaransa ndicho lugha ya mikataba. Ni kweli, na kwa sababu hiyo sisi tuliokisoma kwa mapadri tunayo kazi ya kufanya. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mkataba huko Washington, na ndani yake mna maneno juu ya madini na biashara ya nchi hizi. Mama anayeuza unga Mubi atausoma wapi? Tukiujadili kwa Kifaransa sisi kwa sisi, tutakuwa tumefanya kama wale wa 1944, ila tu hatukuandika barua.

Wanasema pia kwamba wachimbaji hawajui mambo. Sisi tuna kazi ya kalamu na mzani, tunaona karatasi. Tunajua kwamba kilo moja ya kasiterite si kilo moja ya bati. Ndani yake mna bati sehemu 6 au 7 kwa 10, na mnunuzi hupima kwa mashine yake. Tunajua bei ya London imeandikwa kwa tani moja ya bati safi, kisha hutolewa gharama ya kuyeyusha, njia, kodi, faida ya komptuari ya Goma, ya mnunuzi wa kati, ya PDG wa shimo. Lakini mchimbaji mmoja aliyekuja hapa mara ya mwisho alituuliza: «Bei ikipanda London, mbona kwetu inachelewa kupanda, na ikishuka inafika jioni ileile?» Nani kati yetu mwenye diploma alijibu? Tulitazamana. Hizo ndizo kelele zinazolalamikiwa. Sisi twaona kwamba swali lile peke yake lilikuwa na thamani kuliko hotuba tatu.

Kuna neno moja zito zaidi, nalo husemwa chinichini: tukifungua mlango, Mnyanga, Mhunde, Mkumu, Mtembo, Mhutu na Mtutsi watakaa benchi moja, na habari za dunia zitageuka kuwa habari za ardhi na damu. Tunalijua. Vita vya 1993 vilianza sokoni Ntoto, huku kwetu Walikale, vikapanda hata Masisi yote. Na Masisi yenyewe, kati ya 1937 na 1955, Wabelgiji walileta maelfu na maelfu ya watu kutoka Rwanda kwa mpango wao wa kazi na mashamba. Hayo nayo ni mambo ya dunia. Afadhali yasomwe mezani, pamoja na miaka yake na majina ya walioamuru, kuliko kusimuliwa usiku kila mtu kwao. Atakayetukana kabila la mwenzake atolewe nje siku hiyohiyo, hata awe na diploma tatu.

Juu ya hatari, hatusemi mengi. Watu ishirini wakikaa pamoja hutiliwa mashaka na kila mwenye bunduki. Wale vijana wa LUCHA walioanza Goma mwaka 2012 walidai maji na kazi, na wengine wao wakalala gerezani. Lakini mkutano wa mlango uliofungwa ndio unaofanana na njama. Wetu uwe na madirisha wazi, anayepita asikie, na atakayetaka aingie.

Kwa hiyo tunaomba kura ipigwe leo kabla ya giza. Likishinda shauri letu, Jumapili ijayo tutaanza na ule mkataba wa Washington, kipande cha madini. Walimu wawili wamekubali kukigeuza Kiswahili. Yule ndugu wa shimo aliyeuliza swali la bei atakaa mbele pamoja na sisi makarani, na tutaleta mzani na karatasi za bei za miezi sita. Mabenchi hayatoshi, kila mtu aje na kiti chake.