Kuvu Hufuata Maji

Agosti 29 mwaka 2005, kimbunga Katrina kiliipiga pwani ya Ghuba ya Mexico nchini Marekani. Kuta za kuzuia mafuriko mjini New Orleans zilibomoka, na kiasi cha asilimia 80 ya mji huo ikafunikwa na maji. Wakazi waliporejea baada ya majuma kadhaa, wengi walikuta kuvu imetanda kutoka sakafuni hadi darini.

New Orleans ni mji wa joto na unyevunyevu. Kuta za nyumba nyingi ni za jipsamu iliyovikwa karatasi, na karatasi hiyo ni chakula cha kuvu. Kilicholowa kisipokaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, kuvu huanza kuota.

Mwenye nyumba aliyechoshwa na hasara huwa na haraka ya kumwagia klorini na kupaka rangi mpya. Lakini kuvu hata ikifa yaweza kumdhuru mwenye pumu au mzio, na unyevu ukibaki, nyingine itaota chini ya rangi hiyo hiyo.

Fundi stadi huanza kwingine. Kwanza hutafuta maji yanakotoka: paa linalovuja au bomba lililotoboka. Kisha huvaa barakoa, huziba chumba kwa nailoni na kuweka feni ya kuvutia hewa nje, ili chembe zisisambae vyumba vingine. Jipsamu iliyoharibika hukatwa na kutolewa ndani ya mifuko iliyofungwa. Mbao zinazobaki husuguliwa na kukaushwa kabisa, ndipo ukuta mpya ujengwe.

Idara ya Marekani ya kulinda mazingira inashauri kwamba eneo lisilofikia mita moja hivi ya mraba, mwenye nyumba aweza kulisafisha mwenyewe. Kwa kazi kubwa, sheria ya jimbo la Louisiana iliyopitishwa mwaka 2003 ilimtaka mkandarasi awe na leseni, tena aliyeipima nyumba asiwe ndiye anayeondoa kuvu. Anayelipwa kwa kubomoa hapaswi kuamua ni kiasi gani kibomolewe.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba yenye kuvu, hata ukuta mpya haufai kitu iwapo ufa unaopitisha maji umeachwa wazi.