Faraja Haiji Peke Yake

(Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kazi yangu ni kuandika daftari na kulipa misaada ya matanga. Lakini mliniagiza pia niwasikilize wanachama waliofikwa na taabu. Nitasema habari za kazi hiyo ya pili, nami naanza na kosa langu mwenyewe.

Bibi mmoja aliyefiwa na mumewe alikuja kupokea msaada wake. Nilimhesabia fedha, akatia dole gumba, nikamwaga kwa adabu. Hakuondoka. Alikaa kitini kimya, nami nikaendelea kuandika, hata akainuka akaenda zake. Baada ya mwezi nikasikia kwamba haonekani sokoni wala kanisani, na shamba lake limejaa magugu. Fedha za Chama zilimfikia. Chama chenyewe hakikumfikia.

Wahenga walisema, baada ya dhiki faraja. Naliamini neno hilo, ila twalitumia kana kwamba faraja ni mvua, itanyesha yenyewe majira yake yakifika. Sivyo. Dhiki peke yake haimkuzi mtu. Mara nyingi humvunja. Anayekua ni yule aliyepata mtu wa kumshika mkono wakati ule.

Wenzetu wa Harare, katika nchi ya Zimbabwe, wametupa mfano. Mwaka 2005 nyumba nyingi za maskini mijini zilibomolewa kwa amri ya serikali, na watu maelfu kwa maelfu wakabaki bila makao. Madaktari wa maradhi ya akili walikuwa wachache mno. Mwaka 2006 mmoja wao, Dixon Chibanda, aliwakusanya akina bibi wazee 14 wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kusikiliza. Walikaa juu ya mabenchi ya mbao nje ya zahanati, na mwenye moyo mzito akaja akaketi nao.

Akina bibi hao hawatumii maneno magumu. Kwa Kishona huita hali hiyo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kwanza humwacha mtu aseme yote. Kisha humsaidia achague tatizo moja tu, na hatua moja ndogo aiwezayo, ndipo arudi kueleza ilivyokuwa. Hatimaye hukutanishwa na wenziwe waliopita njia ile ile, wakazungumza huku wakifuma mifuko ya kuuza.

Jambo hilo lilipimwa kwa watu 573 katika zahanati 24, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, miongoni mwa walioketi bencini, watu kama 14 tu katika kila 100 walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa. Miongoni mwa waliopata matibabu ya kawaida, walikuwa kama 50 katika kila 100.

Niliposoma habari hiyo, nilimkumbuka yule bibi. Nikamwendea pamoja na mama mmoja wa kamati yetu. Siku ya kwanza alilia tu. Siku ya tatu alisema ataanza kupalilia mistari miwili iliyo karibu na mlango wake, basi. Leo yeye ndiye hututangulia katika nyumba za wafiwa. Hajamsahau mumewe, wala hasemi kwamba msiba ule ulikuwa mwema. Lakini aliniambia, "Karani, siku hizi namjua anayeumia kabla hajafungua kinywa." Huko ndiko kukua ninakokunena.

Wazee wangu, naomba mambo mawili. Kwanza, kila tawi lichague watu wazima wawili, mwanamume na mwanamke, wenye masikio na wasiotoa siri za watu nje. Na yule ambaye ugonjwa wake umezidi nguvu zetu apelekwe hospitali bila kuchelewa. Pili, asilipwe mtu msaada wa matanga pasipo kuketi naye kwanza.

Mimi nimekwisha kuweka kiti cha pili mbele ya meza yangu. Kalamu huiweka chini mgeni anapoketi.