Bata Wageni wa Ngorongoro

Katika mazungumzo ya leo twapenda kuwaeleza habari za bata wa mwitu waonekanao Ngorongoro kwa miezi michache, kisha wasionekane tena mpaka mwaka upinduke.

Mtu wa Karatu akishuka katika bonde la Ngorongoro mwezi wa Agosti, atawakuta bata bukini wa Misri. Hao ni wenyeji, nao huzaa papa hapa. Lakini akirudi Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeanza, huenda akaona bata wengine katika kinamasi cha Gorigor. Mmoja ana mdomo mpana kama mwiko. Wa pili ana mkia mrefu uliochongoka. Wa tatu ni mdogo, na dume lake lina utepe mweupe juu ya jicho. Hao ndio wageni wetu, watokao Ulaya na Urusi, safari ya zaidi ya kilometa 6,000.

Mtauliza, mambo haya yalijulikanaje? Zamani watu wengine wa Ulaya walidhani kwamba wakati wa baridi mbayuwayu hujificha chini ya matope. Lakini mwaka 1822 korongo mmoja aliuawa Mecklenburg, Ujerumani, naye alikuwa amechomwa shingoni kwa silaha ya mti iliyotoka Afrika. Amehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock hata leo. Kisha mwaka 1899 mwalimu Mortensen wa Viborg, nchi ya Denmaki, alianza kuwafunga kwezi pete zenye namba miguuni. Kwa pete za namna hiyo njia za ndege wengi zimejulikana.

Si bata wote wa kaskazini wajao kwetu. Wako bata wa baharini, ambao huzamia kome katika bahari za baridi. Bahari haigandi yote, kwa hiyo wao huhamia sehemu isiyo na barafu, wakaishia huko huko. Lakini hawa wageni wetu hula katika maji matamu yasiyo na kina. Maji hayo yakiganda, chakula chao kimefungiwa chini ya barafu, nao hawana budi kusafiri mbali.

Wala hawangoji mpaka maji yagande. Siku zinapoanza kuwa fupi, miili yao hupata habari. Hula sana, wakanenepa, maana mafuta ndiyo masurufu yao ya njiani. Kisha huondoka, na mara nyingi huruka usiku. Wengi hufika kwetu Oktoba na Novemba. Wakati huo madume yamefifia rangi, hata ni vigumu kuyatambua. Kabla ya kuondoka, Machi na Aprili, huwa yamekwisha kuvaa manyoya yao ya harusi. Hapo masika yetu huanza, na kwao barafu huyeyuka. Siku ni ndefu, na wadudu ni tele kwa kulisha vifaranga.

Basi, angalieni jambo hili. Jike la yule bata mdogo hutaga mayai manane au tisa, lakini hatagi kwetu. Mtu amwuaye mwezi wa Machi hakuua ndege mmoja tu. Ameua na kizazi ambacho kingeanguliwa mbali asikokujua. Kadhalika, kinamasi kikikaushwa, ndege aliyechoka hana pa kushukia. Ndiyo maana mwaka 1995, katika mji wa The Hague, yalifanywa mapatano ya kuwalinda ndege wa majini wahamao kati ya Afrika, Ulaya na Asia. Na Tanzania imo.

Nasi wa Karatu tuna sababu yetu wenyewe. Msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro ndio unaolea chemchemi zetu. Tukiutunza, bata watapata maji, na watoto wetu pia.

Ninyi wanafunzi, mwaka huu andikeni katika daftari siku mtakayowaona bata wa kwanza, na siku watakapotoweka. Mwaka ujao linganisheni. Kwaherini.