HESABU YA MALI YA PAROKIA



Ndugu wapenzi, nanyi walimu wetu,

Katika jubilei hii twamshukuru Mungu kwa makanisa na shule zilizosimama katika jimbo letu. Yafaa tuzikumbuke pia sadaka zilizozijenga, na jinsi zilivyohesabiwa.

Mwaka 1822, katika mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa, lilianzishwa Shirika la Kueneza Imani, kwa bidii ya binti mmoja, Pauline Jaricot. Wengi wa watoaji wake walikuwa maskini wa viwandani, na kila mmoja alitoa senti moja kila juma. Kwa senti hizo zilisaidiwa misioni nyingi za ng'ambo, na za Afrika Mashariki zimo. Tena kila mwaka Shirika lilichapisha hesabu: fedha zilizoingia, na zilizopelekwa kila misioni. Basi, ikiwa maskini wa Lyon aliweza kujua senti yake imekwenda wapi, je, mama aletaye kikapu cha mahindi hapa kanisani kwetu anyimwe habari zake?

Wako wasemao, "Nimemtolea Mungu; ya nini kuuliza hesabu?" Neno hili lina sura ya uchaji. Lakini Mtakatifu Paulo, alipowakusanyia maskini wa Yerusalemu, hakutaka kuichukua sadaka ile peke yake. Alifuatana na watu waliochaguliwa na makanisa, ili uaminifu wake uonekane kwa Mungu na kwa watu vilevile.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yafuata njia iyo hiyo. Kanuni ya 537 yaagiza kila parokia iwe na halmashauri ya fedha. Kanuni ya 1284 yataka vitabu vya mapato na matumizi viandikwe vizuri, na hesabu ifungwe kila mwisho wa mwaka. Kanuni ya 1287 yataka waamini wapewe hesabu ya mali waliyoitoa. Nayo kanuni ya 1267 yasema kilichotolewa kwa kazi fulani kitumike kwa kazi hiyo tu. Fedha za mabati zisinunue viti, hata kama viti vyahitajiwa.

Kwa hiyo yatupasa kusoma mambo matatu mbele ya watu wote: yaliyoingia, yaliyotoka, na deni lililobaki. Deni lisifichwe, mtoto asiyejua deni la nyumba yao hawezi kusaidia kulilipa. Lakini majina ya watoaji na viasi vyao yasisomwe, asije mjane akaona haya kwa senti zake mbili. Twahesabu mfuko wa parokia. Mifuko ya watu aihesabu Mungu.

Nanyi walimu, waelezeni katika jumuiya wasiozoea tarakimu. Mwenye swali na aulize hapa, kwa adabu, wala asilipeleke kilabuni. Mahali pasiposomwa hesabu, minong'ono huisoma; na minong'ono ikizidi, mikono hufumba, na anayeumia kwanza ni mgonjwa na yatima.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mungu atujalie daftari safi, na mioyo iliyo safi kuliko daftari. Amina.