Nyumba Kavu ni Haki: Mazungumzo juu ya Unyevu na Koga Majumbani Mwetu



Pengine baadhi yenu mmeshangaa kuona kwamba katika semina ya Haki na Amani tumetenga saa nzima kuzungumza juu ya kuta zilizolowa na koga, au ukungu kama wengi wetu tunavyouita. Mmezoea kutusikia tukisema juu ya mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane na uchaguzi. Hata hivyo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulipotaja mambo ambayo binadamu hawezi kuishi kwa heshima bila kuwa nayo, uliweka makazi pamoja na chakula na mavazi. Paa linalovuja juu ya kitanda cha mtoto halina budi basi kuwa jambo letu.

1. NCHI YETU NA NYUMBA ZETU

Sisi wa Ufipa tunakaa juu. Mji wa Sumbawanga uko yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko zaidi ya mita 1,000 chini yetu. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na zikisha kwisha huja baridi ya Juni na Julai. Kwa hiyo nyumba ya Ufipa hupigwa mara mbili kwa mwaka: kwanza kwa maji, kisha kwa baridi inayotufanya tufunge kila tundu.

Wazee wetu waliishi katika nyumba za nyasi zenye moto ndani. Moshi ule uliumiza macho na mapafu, wala hatutamani urudi. Lakini moto uliikausha nyumba, na nyasi zilizuia baridi. Leo wengi wetu tumejenga kwa tofali na bati, nayo ni maendeleo ya kushukuriwa. Lakini bati lisilo na dari hupoa sana usiku. Mvuke wa pumzi zetu na wa chungu cha maharage kilichochemka jioni nzima hupanda juu, hugusa bati lile la baridi na kugeuka maji. Ndiyo maana mtu huamka alfajiri ya Julai, mwezi usio na mvua, akakuta blanketi lina matone. Paa lake halikutoboka. Ni mvuke wa nyumba yake mwenyewe uliokosa njia ya kutokea.

2. MAJI YANA NJIA TATU

Anayetaka kuitibu nyumba ajiulize kwanza maji yanaingilia wapi. Njia ni tatu.

Ya kwanza ni kutoka chini. Tofali hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Alama yake ni mstari wa unyevu unaopanda kutoka sakafuni, na plasta inayobanduka sehemu ya chini ya ukuta.

Ya pili ni kutoka juu na pembeni: bati lililotoboka kwenye misumari, upenu mfupi unaoacha mvua ipige ukuta, na maji ya paa yanayoanguka chini na kuurukia ukuta. Alama yake ni madoa yanayokua mvua inyeshapo na kufifia jua liwakapo.

Ya tatu ni kutoka ndani: pumzi, mapishi, kuoga, na nguo mbichi zinazoanikwa chumbani. Alama yake ni koga nyeusi kwenye pembe za chumba, nyuma ya kabati na nyuma ya kitanda, mahali ambapo hewa haitembei.

Koga yenyewe ni kuvu. Mbegu zake ni ndogo mno, huelea hewani kila mahali, wala hatuwezi kuzimaliza. Zinachongoja ni unyevu tu. Zikiupata huweza kuota katika siku moja au mbili. Mkulima wa Ufipa analijua jambo hili kuliko mtu mwingine. Katika kilimo chetu cha ntumba tunafukia majani chini ya udongo wenye unyevu ili yaoze na kurutubisha mazao ya msimu ujao. Majani, maji na giza vikikaa pamoja, kuoza hufuata. Tunachokitafuta shambani ndicho hicho tunachopaswa kukizuia chumbani.

3. MADHARA YAKE

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na koga majumbani. Lilieleza kwamba wanaokaa katika nyumba zenye unyevu huugua zaidi maradhi ya njia ya hewa, na kwamba pumu huwazidia. Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, wazee na wagonjwa, yaani wale wasio na nguvu ya kupanda juu ya paa na kulitengeneza.

Hapa tuseme kwa usahihi. Koga haileti kifua kikuu. Kifua kikuu kina vijidudu vyake. Lakini chumba kilichozibwa, kisichopitisha hewa, huhifadhi koga na pia hurahisisha kifua kikuu kumtoka mgonjwa kwenda kwa jamaa zake. Kwa hiyo anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi aende zahanati akapimwe, hata kama ukuta wake ni mweusi kwa koga.

Chakula nacho kimo hatarini. Wengi wetu tunalala nyumba moja na magunia ya mahindi. Gunia lililowekwa sakafuni likiegemea ukuta mbichi hunyonya unyevu ule ule, na baadhi ya kuvu zinazoota kwenye mahindi hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Mwaka 2016 watu walikufa kwayo hapa kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi magunia yakae juu ya uchaga, mbali na ukuta, na mahindi yakauke vema kabla ya kufungwa. Njia rahisi ya kupima ni kutia mahindi kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu na kutikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi.

4. SI UCHAWI, WALA SI UVIVU WA MAMA

Wazee husimulia kwamba jina la mji wetu lina maana ya kuutupa uchawi. Ingekuwa jambo la kusikitisha kama wana wa mji wenye jina hilo wangeendelea kuuokota. Watoto wakikohoa mwaka hadi mwaka katika chumba kimoja, ni rahisi kumtaja bibi kizee wa jirani. Kabla hatujamtaja mtu, tusogeze kitanda tukatazame ukuta. Ulimi ukisha kumwangukia jirani ni vigumu kuurudisha, na katika nchi yetu wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo.

Lawama nyingine humwangukia mama wa nyumba, kwamba ni mchafu. Hili nalo si kweli. Nyumba inayofagiliwa kila siku huota koga ikiwa msingi wake unanyonya maji. Tujifunze kwa yaliyotokea Uingereza. Katika mji wa Rochdale, mwezi Desemba mwaka 2020, alifariki mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan. Wazazi walikuwa wamelalamika mara nyingi juu ya koga katika nyumba waliyopanga, nao wakaambiwa kwamba chanzo ni namna yao ya kuishi. Mwaka 2022 mahakama iliyochunguza kifo hicho ilithibitisha kwamba koga ya nyumba ile ndiyo iliyomletea mtoto maradhi ya njia ya hewa yaliyomuua. Mwaka 2023 Bunge la nchi ile lilipitisha sheria, na tangu Oktoba 2025 wanaopangisha nyumba za jamii wanatakiwa kuchunguza na kutengeneza hatari za namna hiyo katika muda uliowekwa. Ikiwa katika nchi tajiri maskini alilaumiwa kwa ukuta usio wake, hatuna budi kujiangalia sisi wenyewe.

5. FUNDISHO LA MAANDIKO

Wengi hawajui kwamba Biblia inazungumzia nyumba yenye koga. Katika Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 14, twasoma juu ya pigo linalotokea kwenye kuta, lenye madoa ya kijani au mekundu. Tuangalie mambo manne. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayepaswa kwenda kutoa taarifa; hangoji mpaka watu walalamike. Kabla ya kuhani kuingia, vyombo hutolewa nje, ili mali ya watu isihukumiwe pamoja na ukuta. Nyumba hufungwa siku saba, kisha huangaliwa tena. Na pigo likiwa limeenea, sheria hairuhusu kulifunika: mawe yenye ugonjwa yatolewe, ukuta ukwanguliwe, mawe mengine yawekwe na plasta mpya ipigwe. Likirudi tena baada ya hayo yote, nyumba ibomolewe.

Anayepaka rangi juu ya koga ili apate mpangaji mpya anaificha hatari na kumwuzia mwingine.

6. YATUPASAYO KUTENDA

Mengi ya haya hayahitaji fedha nyingi.

Nje ya nyumba, tuchimbe mtaro wa kuyapeleka maji mbali na ukuta, na tuinamishe ardhi ili maji yasituame msingini. Udongo uliorundikana ukutani uondolewe. Upenu urefushwe. Anayejenga sasa ainue msingi walau futi moja juu ya ardhi, na kabla ya kupanga tofali za ukuta alaze ukanda wa nailoni nene juu ya msingi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kupiga plasta upya kila mwaka. Tena tusiharakishe kupiga plasta ya saruji juu ya tofali bichi la udongo lililolowa, kwa sababu saruji hufunga maji ndani na ukuta huendelea kuoza pasipo kuonekana. Ukuta ukauke kwanza.

Ndani ya nyumba, tuache matundu ya hewa juu ya kuta mbili zinazoelekeana. Madirisha yafunguliwe mchana jua linapowaka, hata wakati wa baridi, na kufungwa jioni. Kitanda kikae shubiri moja kutoka ukutani. Godoro na mablanketi yaanikwe juani. Nguo zikaushwe nje au chini ya upenu. Anayeweza aweke dari.

Koga iliyokwisha kuota isifagiliwe ikiwa kavu, maana mbegu zake huruka. Watoto watoke nje, mtu ajifunge kitambaa puani na mdomoni, asugue kwa maji ya sabuni, kisha akaushe kabisa. Anayetumia dawa ya klorini asiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, kwani mvuke wake huweza kuua.

Twaongeza onyo moja. Usiku wa baridi wengine huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imeua familia nzima usingizini. Kheri blanketi la kuazima kuliko jiko ndani ya chumba cha kulala.

7. MWENYE NYUMBA NA MPANGAJI

Mpangaji anaweza kufungua dirisha. Lakini hawezi kuinua msingi wala kubadili bati la nyumba isiyo yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaweka juu ya mwenye nyumba wajibu wa kupangisha makazi yanayofaa kwa binadamu. Mpangaji na atoe taarifa mapema, kwa maandishi ikiwezekana, akiwa na shahidi. Wakishindwa kuelewana, Jumuiya iwakutanishe; ikishindikana, yako Baraza la Kata kwa usuluhishi na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Naye mwenye nyumba asimfukuze mtu kwa sababu amesema ukweli juu ya ukuta.

Haki hii ianzie kwetu. Nyumba ya katekista, ya mwalimu wa chekechea na ya mlinzi wa parokia zikaguliwe kabla ya nyumba za watu wengine. Hatuwezi kuwahubiria wenye nyumba wa mjini ilhali mtumishi wetu mwenyewe analala chini ya bati linalotona.

Tunapendekeza kila Jumuiya itumie miezi ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, kuzitembelea nyumba za wajane, wazee wanaoishi peke yao na wagonjwa. Vijana wachimbe mitaro, mafundi watoe siku moja ya kuziba mabati. Mtaro wa siku moja waweza kumkinga bibi kwa msimu mzima.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu, ni nyumba zipi zinazoingia maji, na nani anakaa humo?

2. Je, tumewahi kumlaumu mtu, awe jirani au mama wa nyumba, kwa maradhi ambayo huenda yalitoka ukutani?

3. Wenye nyumba waliomo kati yetu wanawatendeaje wapangaji wanaotoa malalamiko?

4. Kabla ya Novemba ijayo tutatengeneza nyumba ya nani, lini, na nani ataleta jembe?