Nyigu Mdogo na Bungua wa Mahindi

Bungua wa mahindi mwenye asili ya Bara Asia, mharibifu atoboaye mabua na kujificha ndani ambamo dawa haimfikii kwa urahisi, anaye hasimu wake wa tangu kale: nyigu mdogo, asiyemdhuru binadamu hata kidogo, ambaye watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, walimleta kutoka Pakistani na, mwaka 1993, wakamwachilia katika mashamba ya pwani ya Kenya. Jike huifuata harufu ya kinyesi cha bungua, akajipenyeza tunduni na kumtagia mayai mwilini. Funza wake wakiisha kuanguliwa humla kiwavi yule taratibu, na watokapo hujisokotea vifuko vyeupe. Nawasihi basi, mkipasua bua mkaviona vifuko hivyo, mfano wa vijipunje vya mchele, msivichome wala msivinyunyizie sumu.