Sakafu zenye Sura ya Mbao katika Nyumba za Pwani: Tuanze na Jamvi



Mteja wa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa anayetaka sakafu yenye sura ya mbao huanzia dukani. Huonyeshwa rangi ya mninga, ya mtiki, ya mwaloni. Hupapasa, hupatana bei, hulipa, ndipo anapomwita fundi. Naona huko ni kuanzia mwisho. Kinachoharibu sakafu hizi pwani ni maji, na mengi yake hutoka chini, ndani ya jamvi la zege, mahali ambapo muuzaji hajawahi kufika. Jamvi lipimwe kwanza, kisha tuulize kipande kimetengenezwa kwa kitu gani ndani. Rangi ije mwisho.

Zege likimwagwa juu ya kifusi bila kutandikwa nailoni nene, ile ya geji 1000, hunyonya maji ya ardhini mwaka mzima. Sakafu ya saruji iliyopigwa niru haionyeshi shida hiyo kwa sababu mvuke hupanda taratibu na kupotea hewani. Ifunike kwa kitu kisichopitisha mvuke, nao hukwama hapo chini. Hali huwa mbaya zaidi pale mchanga ulipochotwa ufukweni. Chumvi iliyomo huvuta unyevu, na baada ya muda utaona unga mweupe ukichomoza kwenye viungo na chini ya skatingi.

Kupima si kazi ngumu. Kata nailoni safi inayoonyesha, nusu mita kwa nusu mita, uilaze juu ya jamvi tupu na kuziba kingo zote nne kwa utepe wa gundi. Iache usiku kucha na mchana wake. Ukiikuta na matone upande wa ndani, au zege limegeuka jeusi chini yake, jamvi hilo haliko tayari kufunikwa. Rudia sehemu mbalimbali, hasa karibu na ukuta wa bafu na kona zilizo kivulini. Nasisitiza jambo moja: jamvi lililofaulu Januari, wakati wa kaskazi, laweza kufeli Aprili. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, pima katikati ya masika. Kwa jamvi jipya, kadirio la mafundi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hivyo jamvi la milimita 100 linahitaji kama miezi minne, na mvua huongeza.

Sasa tutazame vipande vyenyewe. Lamineti ni unga wa nyuzi za mbao ulioshindiliwa kwa gundi, juu yake pana karatasi yenye picha ya mbao na utando mgumu wa kuilinda. Utando huo hustahimili kukwaruzwa kweli, lakini maji hayapitii juu, huingia kwenye viungo. Nasi wa pwani tunapiga deki kwa ndoo, watoto hutoka bafuni miguu ikichuruzika, mlango hubaki wazi mvua ikinyesha. Kiungo kikishakunywa maji huvimba, kingo huinuka, na hata kikikauka hakirudi kilivyokuwa. Kwa chumba cha chini pwani, lamineti siipendekezi hata kidogo. Chumba cha kulala cha ghorofani, mbali na bafu, kinaweza kuivumilia.

Vinili ngumu ya kubofyana, iliyotengenezwa kwa unga wa mawe ya chokaa na plastiki, haivimbi. Wauzaji husema haipitishi maji, na kwa kipande chenyewe ni kweli. Lakini maji yakinaswa chini yake hayana pa kutokea. Ukungu huota na chumba hunuka. Tena inataka jamvi lililonyooka, bonde au kilima kisizidi milimita 3 katika urefu wa mita 2, vinginevyo ndimi za viungo hukatika kwa kukanyagwa. Acha nafasi ya milimita 8 hadi 10 ukutani, ifunikwe na skatingi wala isijazwe grauti, maana jua la dirishani huitanua. Jamvi likiwa kavu, hili ni chaguo zuri.

Chaguo langu la kwanza kwa vyumba vya chini ni kigae cha posilini chenye sura ya mbao. Posilini halisi hainyonyi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na mvuke wa jamvi hauiozeshi. Ulaya wapo wanaokimbia vigae kwa sababu vina baridi wakati wa majira ya baridi. Sisi tunaoacha viatu mlangoni tunaitafuta baridi hiyo hiyo. Ugumu uko kwenye kulaza. Vigae virefu, kama vya sentimita 20 kwa 120, huwa na upinde kidogo katikati. Ukivipishanisha kwa nusu, katikati ya kimoja hukutana na ncha ya jirani yake, na mguu hujikwaa. Vipishane kwa theluthi, gundi ijae mgongo mzima, na kwa baraza chagua vyenye uso wa mkwaruzo, maana laini huteleza.

Mbao yenyewe haijakatazwa. Mninga husifiwa kwa kutochezacheza sana, lakini mbao yoyote hufuata hewa: penye unyevu wa hewani wa asilimia 80 hutulia ikiwa na maji asilimia 16 hivi, na penye asilimia 50 hushuka hadi kama 9. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana huisumbua kila siku.

Hapo mezani nimeweka vipande vya lamineti, vinili na posilini, pamoja na ndoo ya maji na rula ya kupimia unene. Tuvipime sasa, tuandike unene wa kila kimoja, kisha tuvitumbukize. Kesho asubuhi kabla ya kikao tutavitoa na kuvipima tena.